Kivuli cha Mgaya

Tanuri liliimba kwa dakika nne, likanyamaza, na ukuta wa kioo ukaonyesha figo mbili za Mwalimu Lustika Sanga zikiwa ndani ya mwili wake, zikionekana mpaka mshipa wa mwisho. Hakuchomwa sindano. Hakunyweshwa dawa ya rangi. Alilala tu, akaambiwa ashike pumzi mara sita, basi.

Jina rasmi la mashine hiyo lilikuwa Kimulikafigo, lakini hapakuwa na mtu Makambako aliyeliita hivyo isipokuwa katika barua. Mgonjwa alisukumwa ndani kama mkate, kwa hiyo watu wakaliita Tanuri, na hata wahandisi waliolitengeneza waliishia kuliita Tanuri.

Zamani, figo za mtu zilipogoma ghafla, daktari alipima damu na mkojo, halafu akangoja. Damu ilimwambia kwamba figo zimegoma. Haikumwambia kama zimelala au zimekufa, na tofauti ya hayo mawili ni kubwa. Figo iliyolala huamshwa kwa maji na subira. Iliyokufa huoza ndani na kumwua mwenyewe. Tanuri lilimaliza huko kungoja. Lilitumia sumaku yenye nguvu kutazama jambo moja: damu iliyobeba oksijeni na damu iliyokwisha kuitua haziitikii sumaku kwa namna moja. Penye uhai, picha iling'aa nyekundu kama kaa la moto. Pasipo na uhai, ilikuwa nyeusi.

Figo za Mwalimu Lustika zilikuwa nyeusi upande wa mbele, zote mbili.

"Figo ya kulia imekufa," ilisema sauti ya Tanuri, sauti tulivu ya dada anayetangaza treni. "Figo ya kushoto imekufa. Uhakika ni tisini na saba kwa mia. Kivuli cha Mgaya kimeonekana. Chumba cha upasuaji namba mbili kimeandaliwa saa nne na nusu."

Daktari Otilia Mgaya alikuwa amesimama mbele ya kioo akilitazama jina lake. Alikuwa na miaka arobaini na saba, na alikuwa ameisikia sentensi hiyo mara nyingi. Ndiye aliyelifundisha Tanuri kusoma figo za wajawazito. Waundaji wake walilizoesha kwa picha za wanafunzi wa kiume na wanariadha, watu ambao figo zao hazina habari. Yeye akaja na wajawazito wa Hospitali ya Ukarimu, akagundua kwamba figo zao zinapokufa huanza kufia upande wa mbele, ule unaolala karibu na utumbo. Hakuna kitabu kilichokuwa na habari hiyo. Akaandika makala, akasafirishwa kwenda kuisoma katika miji mitatu, na weusi ule ukapewa jina lake. Sitasema hakujivuna. Angekuwa malaika asingejivuna.

Akatia sahihi kwa kidole gumba kwenye kioo. Ilikuwa saa tatu na dakika arobaini asubuhi.

Alipomweleza, Lustika hakulia mara moja. Alikuwa mwalimu wa darasa la tatu, mwanamke mwembamba ambaye kutapika kwa wiki mbili kulimfanya awe mwembamba zaidi, na alikuwa na mimba ya miezi mitano.

"Figo ya kiwandani inawekwa leo hii," alisema Otilia. "Utaishi, mwalimu. Wengi wanaishi nayo vizuri."

"Na huyu?" Lustika aliweka mkono tumboni.

Otilia alikuwa amezoea swali hilo, na hata hivyo kila mara lilimkuta hana pa kuangalia. Dawa za kuufanya mwili uikubali figo ya kiwandani hazikai na mimba. Hiyo iliyopo hutolewa, na nyingine hairuhusiwi tena.

"Huyu hatutaweza kumbakiza."

"Tumengoja miaka saba, daktari."

"Najua. Pole sana."

"Hakuna kusubiri kidogo? Hata siku mbili?"

"Figo iliyokufa haisubiri. Nikikungojea siku mbili, nitawapoteza wote wawili."

Lustika akageuza uso ukutani, ambako kulikuwa na bango la hospitali lenye maandishi makubwa: MFICHA MARADHI KIFO HUMUUMBUA. Hapo ndipo alipolia.

Otilia alirudi ofisini, akakaa. Mlango ukagongwa, akaingia Tumpe na chai.

Tumpe Mwaisela alikuwa mhudumu wa wodi ya wajawazito, mwanamke wa miaka thelathini na minne mwenye kicheko cha karibu. Miaka mitatu iliyopita aliletwa hapo akiwa mgonjwa. Tanuri likasema, Otilia akatia sahihi, na Tumpe akaamka na figo ya kiwandani kiunoni na tumbo tupu. Alipopona aliomba kazi palepale. Tangu hapo, kila asubuhi aliyokuwa zamu, alimletea Otilia chai ya tangawizi, akapiga goti nusu kama kwao wanavyowaamkia wakubwa, akasema maneno yaleyale.

"Shikamoo, daktari wangu uliyenibakiza duniani."

"Marahaba, Tumpe. Ungeacha hilo goti, figo yako inataka ukae wima."

"Figo yangu ina adabu, haijalalamika." Akaweka kikombe. Halafu akaacha kucheka. "Mwalimu naye ni wa Tanuri?"

"Naye."

"Jamani. Na alishaanza kupata nafuu ya kichefuchefu. Jana hakutapika mpaka jioni."

"Nafuu ya nini? Dawa zote alizitapika."

Tumpe akatazama mlangoni, akainamisha kichwa kama mtoto aliyekutwa jikoni. Otilia alimjua vizuri, akajua kuna kitu.

"Sema tu, Tumpe. Sikufukuzi kazi."

"Ni kale ka udongo, daktari. Najua kamepigwa marufuku, najua. Lakini mtu anatapika mpaka nyongo, unamwangalia tu? Nampa kipande atafune, tumbo linatulia." Akatoa mfukoni mwa aproni kifurushi cha karatasi, akakifungua. Ndani mlikuwa na vijiti vya udongo wenye ukubwa wa kidole, vyekundu kama tofali. "Huu ni wa kichuguu. Mama mmoja anauchoma kwa moshi, una harufu nzuri kama mvua ya kwanza."

Kila mwanamke aliyewahi kubeba mimba katika nchi hii anaijua harufu hiyo. Otilia mwenyewe, alipokuwa na mimba ya mwanawe, alikuwa akijifungia stoo kutafuna udongo, daktari mzima, kisha anasukutua mdomo ili mumewe asijue. Baadaye ofisi ya afya ya mji ikapiga marufuku uuzaji wake kwa sababu ya minyoo, masoko yakafagiliwa, na katika fomu za hospitali swali la udongo likafutwa. Waliona hakuna haja ya kuuliza habari za kitu ambacho hakipo.

"Umempa mara ngapi?"

"Mwalimu? Tangu Jumatatu, kila siku vijiti vitatu, vinne. Na alikuja na wake kwenye mkoba, ila uliisha."

"Unawapa wote?"

"Wanaotapika tu. Siwanyimi, daktari. Mimi mwenyewe ndio ulionivusha. Hata siku ile ya kuingizwa kwenye Tanuri nilikuwa na kipande shavuni, nikakimeza mlangoni nisije nikaaibika."

Otilia alinyoosha mkono, akachukua kijiti kimoja. Kilimwachia vumbi jekundu kwenye vidole.

Inashangaza jinsi akili inavyoweza kukaa miaka minne mlangoni bila kuingia. Wekundu wa udongo ni kutu. Kutu ni chuma. Na Tanuri ni sumaku. Ndiyo maana mgonjwa huvuliwa pete, hereni, hata pini ya nywele, maana chuma kidogo tu hutia giza kwenye picha pale kilipo na pembeni yake. Udongo ukiliwa siku nyingi hujikusanya kwenye utumbo mpana, na kona mbili za utumbo mpana zimelala mbele ya figo. Kulia moja, kushoto moja.

Upande wa mbele, karibu na utumbo.

Otilia akakirudisha kijiti kwenye kifurushi. Alikitazama kikombe cha chai, akashindwa kukumbuka kimefikaje mezani.

"Daktari, unaumwa?"

"Nipe hicho kifurushi. Chote. Na unifuate."

Saa ya ukutani ilisema saa nne na dakika tatu.

Chumba cha Tanuri kilikuwa wazi. Otilia alivua saa, pete na viatu, akavaa gauni la wagonjwa, akajifunga kifurushi cha udongo ubavuni kushoto, kwa mbele, kwa bendeji. Kijana wa mitambo aliuliza anafanya nini. Akamwambia akae kimya abonyeze. Lango la kukagua chuma, ambalo lilikuwa likipiga kelele hata kwa kifungo cha suruali, lilimpitisha bila neno, kwa kuwa liliandaliwa kutafuta chuma kigumu na halikuwahi kuambiwa habari za udongo.

Figo za Otilia Mgaya zilikuwa nzima. Alizipima kila mwaka kama wafanyakazi wote. Asubuhi hiyo alikuwa ameamka, amekunywa maji, amekwenda haja ndogo, amekuja kazini. Alilala ndani ya Tanuri, akashika pumzi mara sita, akasikiliza mwimbo wake kwa dakika nne, na kwa dakika hizo nne aliomba kwa moyo wote kwamba awe amekosea. Aliomba udongo uwe udongo tu. Maana kama ni hivyo, mwalimu atakwenda kupasuliwa, mimba itatolewa, na yeye, Mungu amsamehe, atakuwa hana hatia. Hayo ndiyo aliyoyaomba.

"Figo ya kulia ni nzima," ilisema ile sauti. "Figo ya kushoto imekufa. Uhakika ni tisini na sita kwa mia. Kivuli cha Mgaya kimeonekana. Chumba cha upasuaji namba tatu kimeandaliwa saa tano kamili. Tafadhali mgonjwa asile wala kunywa."

Kijana wa mitambo aliachama. Tumpe, aliyekuwa amesimama mlangoni, alishika mdomo.

"Daktari, na wewe?"

Otilia alikuwa ameshateremka. Alitoka mbio na gauni lake lililo wazi mgongoni, miguu mitupu, kwenye ukumbi wenye wagonjwa, na waliomwona siku ile bado wanasimulia.

Chumba namba mbili kilikuwa na baridi. Lustika alikuwa tayari amelazwa kitandani na kufunikwa kitambaa cha kijani, macho yamefumba kwa dawa ya usingizi, na juu yake Mkono-Nne, roboti ya upasuaji, ilikuwa inajinyoosha viungo kimojakimoja. Daktari Ngailo, mpasuaji mkuu, mtu mzima aliyebakiza mwaka mmoja astaafu, alikuwa ameketi mbele ya usukani wake.

"Zima," alisema Otilia.

"Nini kimetokea?"

"Zima kwanza, mzee Ngailo, nakuomba. Figo zake hazijafa."

Ngailo akabonyeza, na mikono minne ikasimama hewani. Akamtazama Otilia, miguu yake, bendeji ubavuni, vumbi jekundu.

"Tanuri limesema zimekufa."

"Limesema na yangu imekufa. Sasa hivi. Kwa sababu ya huu." Akafungua bendeji, akamwonyesha. Akaeleza kwa maneno machache, maana pumzi ilikuwa imemwishia. Kutapika kumemkausha maji mwalimu, figo zikagoma kwa ukavu, zikalala. Ule weusi ni kivuli cha udongo, hakuna kingine.

Ngailo alichukua kijiti kimoja, akakiangalia kwa karibu. Halafu akavua kofia yake ya kijani, akaishika magotini.

"Zilikuwa nyekundu," alisema.

"Zipi?"

"Zote, Otilia. Hizi za wajawazito. Mkono-Nne ikizitoa nilikuwa naziona kwenye bakuli. Nyekundu, laini, zinatoka damu safi. Nimepasua figo kabla ya mashine hizi kuzaliwa. Figo iliyokufa naijua rangi yake."

"Mbona hukusema?"

"Kwani nani aliniuliza? Mashine ilikuwa imeshasema, na kivuli kina jina lako. Nikadhani ni ugonjwa mpya, wa siku hizi, ambao macho ya kizee hayauoni." Akaigeuza kofia mikononi. "Zikapelekwa kuchomwa. Hatukukata hata moja kuangalia ndani."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Katika miaka minne, hakuna aliyewahi kupasua figo hata moja iliyotolewa. Ukishaambiwa nazi imeoza, huivunji, unaitupa. Otilia alishika ukingo wa kitanda cha mwalimu, akasema arudishwe wodini.

Lustika alirudishwa wodini, akawekewa dripu ya maji, na baada ya hiyo nyingine. Otilia alivaa nguo zake, akaketi kando ya kitanda, akawa anautazama mfuko wa mkojo uliofungwa chini yake. Saa sita ulikuwa mtupu. Saa saba ulikuwa mtupu. Saa nane kasoro, tone moja likateremka kwenye mrija, la rangi ya chai kali. Likafuata lingine.

Otilia alikuwa amezoea kufurahi mbele ya jambo kama hilo. Alifurahi kweli, na furaha ile ikamtia hofu ambayo hajawahi kuijua, kwa sababu kila tone lilikuwa habari njema kwa mwanamke mmoja na hukumu kwa wengine wote. Saa tisa mkojo ulikuwa umefika mstari wa kwanza. Figo za mwalimu zilikuwa zimeamka. Alichokuwa anahitaji ni maji.

Akafungua kumbukumbu za Tanuri, akaita picha zote zenye kivuli chake, ukiacha mbili za asubuhi ile. Zikajipanga kwenye kioo, safu kwa safu. Kila moja ilikuwa na weusi uleule, mahali palepale, na chini yake alama ya kidole gumba chake. Walikuwa wanawake arobaini na mmoja. Ya kumi na tano kwenye orodha ilikuwa ya Mwaisela, Tumpe, miaka thelathini na moja, mimba ya miezi sita.

Alimkuta kwenye chumba cha mashuka, anakunja. Mashuka yalikuwa bado na joto la mashine ya kukaushia. Tumpe alipomwona alitabasamu.

"Nimesikia mwalimu anakojoa. Wodi nzima inashangilia mkojo leo."

"Kaa chini, Tumpe."

"Nakaa vipi na kazi hii yote?"

"Nakuomba ukae."

Akakaa juu ya rundo la mashuka. Otilia alibaki amesimama, kisha akaona si adabu, akachuchumaa mbele yake. Alimweleza taratibu, kwa Kiswahili cha nyumbani, bila neno hata moja la kujificha nyuma yake. Alimwambia chuma na sumaku ni nini. Alimwambia kile kipande cha shavuni, na vile vya wiki zilizotangulia, vilifanya nini kwenye picha. Alipofika kwenye neno lenyewe, ulimi ukawa mzito.

"Zangu zilikuwa nzima," Tumpe alimsaidia.

"Zilikuwa zimelala."

"Kama za mwalimu."

"Kama za mwalimu."

Tumpe alipeleka mkono kiunoni, kwenye kibati cha kuchajia figo yake, akakigusa kama mtu anayepapasa mfuko kutafuta ufunguo. Kisha mkono ukahama, ukaja mbele, tumboni, ukatulia hapo.

"Alikuwa wa kike," alisema. "Nesi aliniambia. Nilikuwa nasema Mungu alitoa, Mungu ametwaa, na wewe ukanibakiza. Nimesema hivyo kanisani mbele za watu."

"Mungu hakumtwaa. Ni mimi, Tumpe. Sahihi ni yangu."

Tumpe hakulia wala hakumtukana. Otilia alitamani angemtukana.

"Wako wangapi?"

"Arobaini na mmoja."

"Hao ni tangu mwanzo." Tumpe alikuwa anamtazama sasa, macho makavu, makubwa. "Mimi nauliza baada yangu. Tangu nianze kazi hapa. Tangu nianze kuwapa."

Hilo ndilo Otilia alilokuwa ameliogopa njia nzima kutoka ofisini. Alikuwa amejiandaa kulificha, hata kumdanganya. Lakini alikuwa ameshachoka na picha zisizo za kweli.

"Ishirini na sita. Siwezi kujua wangapi walikuwa na wao mikobani."

"Wote niliwapa mimi," alisema Tumpe. "Wanaotapika siwanyimi."

"Hukujua. Mashine ni ya kwangu, kivuli ni cha kwangu. Mimi ndiye niliyepaswa kuuliza, nikaacha kuuliza kwa kuwa fomu haikuuliza."

"Nilikuwa nawaambia, kuleni tu, mimi ulinivusha."

Wakakaa hivyo, mmoja juu ya mashuka na mwingine amechuchumaa, mpaka kengele ya kitanda ikalia wodini. Ilikuwa ya kitanda namba tisa, cha mwalimu. Tumpe aliinuka, kwa kuwa kengele ikilia mhudumu huinuka, akatoka. Otilia akamfuata, akaishia mlangoni.

Lustika alikuwa ameketi, ameegemea mito, uso umeanza kurudi rangi. Mfuko wake wa mkojo ulikuwa umefika nusu. Hakuwa na habari ya lolote, zaidi ya kwamba alilala akidhani anampoteza mtoto na aliamka akamsikia akicheza.

"Dada Tumpe, samahani kukusumbua," alisema kwa sauti ya chini, huku akimchungulia daktari mlangoni. "Kichefuchefu kimerudi. Huna kile kipande?"

Mkono wa Tumpe ulikwenda wenyewe kwenye mfuko wa aproni, kama ulivyozoea. Mfuko ulikuwa mtupu, lakini vidole vilitoka na vumbi. Akavitazama.

"Kimekwisha, mwalimu," akasema. Akavuta bakuli chini ya kitanda, akamshika Lustika paji la uso, akamwinamisha. "Tapika tu, mwanangu. Tapika. Niko hapa."